Pothosi iliyogoma kushuka: uchambuzi wa kisa kimoja

Mmea wenyewe ni pothosi, Epipremnum aureum, ile ya majani ya kijani yenye michirizi ya manjano ambayo karibu kila anayeweka maua ndani ya nyumba amewahi kuwa nayo. Umo kwenye chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 17, kimetundikwa kwa kamba tatu kwenye kulabu ya dari, mita 2.4 kutoka dirisha pekee la chumba. Mdomo wa chungu uko juu zaidi ya ukingo wa juu wa dirisha, kwa sentimita 15 hivi. Mashina ni saba. Mawili yamepanda kamba za kutundikia na yanakaribia kulabu. Moja limejibandika ukutani. Matatu yametokeza kuelekea dirishani, yakalegea kidogo, kisha ncha zake zikapinda kwenda juu kama ndoana. La saba limevunjika karibu na ncha.

Mwenye mmea alitaka pazia la majani linaloshuka. Alichopata ni chungu chenye kipara katikati na nyuzi ndefu zenye majani ya kuhesabika. Alikwisha kujaribu mambo matatu: alibana vibanio vya nguo kwenye ncha ili uzito uzivute chini, akaongeza mbolea maradufu ili mmea ujae, na kabla ya hayo yote alikipandisha chungu kutoka kwenye rafu hadi darini ili mashina yapate nafasi ya kushuka. Yote matatu yaliharibu, na hilo la kukipandisha ndilo lililoanzisha tatizo lote.

Kulisoma shina kabla ya kuligusa

Pothosi hutoa jani moja kwa kila kifundo, na pingili, yaani kipande cha shina kati ya kifundo na kifundo, hubaki na urefu uleule ikishakomaa. Ukiwa na rula unaweza kujua mmea uliishi vipi miezi iliyopita.

Kwenye shina refu kuliko yote, pingili zilizo karibu na udongo zilikuwa na sentimita 3 hadi 4, na majani yake sentimita 10 au 11. Ghafla pingili moja ilifika 6, iliyofuata 9, kisha zikaendelea kwa 10 na 11 hadi nchani. Majani ya sehemu hiyo yalikuwa na sentimita 5 au 6 tu, na michirizi ya manjano imefifia. Mashina mengine yalipimwa pia, na hapo ndipo jambo lilipojitokeza: mabadiliko yalianza jani la tisa au la kumi kutoka nchani katika kila shina, liwe refu au fupi. Ingekuwa ni uzee, mabadiliko yangefuatana na umbali kutoka kwenye udongo. Yanapolingana kwa kuhesabu kutoka nchani, maana yake mashina yote yalipatwa na jambo moja kwa wakati mmoja. Jambo hilo ni kuhamia darini.

Simu yenye programu ya kupima mwanga ilimalizia ubishi. Saa sita mchana, juu ya udongo wa chungu kulikuwa na luksi 180. Sentimita 80 kutoka dirishani, chini kidogo ya ukingo wake wa juu, zilikuwa 2,900. Vipimo vya simu si vya kuapia, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja vinatosha. Asiye na programu anaweza kutumia mkono: uweke sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe pale mmea unapokaa. Kivuli chenye ukingo unaoonekana, hata kama umefifia, kinaonyesha mwanga wa kufaa. Kama hakuna kivuli kabisa, pothosi haitakufa, ila itarefusha pingili.

Kwa nini ncha huinuka

Hakuna shina la pothosi linalokua kwenda chini kwa hiari yake. Kwao, katika kisiwa cha Mo'orea huko Polinesia ya Kifaransa, huu ni mmea wa kupanda miti. Ndani ya seli za shina mna chembe za wanga ambazo huzama upande wa chini, kama mchanga ndani ya chupa iliyolazwa. Shina likilala, upande wa chini hupata homoni ya auksini kwa wingi zaidi, hurefuka kuliko upande wa juu, na ncha huinuka. Mwanga nao una mvuto wake. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha, kwa kufunika ncha za miche ya nyasi, kwamba ncha ndiyo inayopokea habari za mwanga ingawa kupinda kwenyewe hutokea chini yake. Auksini huhamia upande wenye kivuli, upande huo hurefuka, na shina huelekea kwenye mwanga.

Basi shina linaloning'inia linashuka kwa nini? Kwa sababu limezidiwa na uzito wake. Majani makubwa yaliyobanana kwenye pingili fupi hulilemea, sehemu iliyokomaa hulala na kushuka, na ncha peke yake hubaki imeinuka kidogo. Ncha iliyopinda juu kwa sentimita 8 au 10 za mwisho ni dalili ya afya, wala haihitaji tiba. Itakapokomaa nayo italala, na ncha mpya itainuka mbele yake. Tatizo huanza pale ambapo sehemu kubwa ya shina, si ncha tu, inakwenda upande au juu.

Katika kisa hiki uzito haukuwepo. Jani la sentimita 5 kila baada ya sentimita 10 za shina haliwezi kulemea kitu. Zaidi ya hayo, mashina matatu yalikuwa yameshikilia kamba na ukuta kwa mizizi ya angani, ile midogo ya kahawia inayochomoza kwenye kila kifundo, upande wa pili wa kikonyo cha jani. Mzizi huo ukigusa kitu chenye mikwaruzo, hung'ang'ania. Kamba ya katani ni kama gome la mti kwake. Uzi wa nailoni laini au mnyororo haushikiki kirahisi hivyo, na kamba za chungu hiki zilibadilishwa kwa sababu hiyohiyo.

Kibanio kwenye ncha kilishindwa kwa sababu mbili. Sehemu hiyo haijakomaa, imejaa maji na inavunjika kama mchicha. Methali ya samaki mkunje angali mbichi haifai hapa, maana kilicho kibichi ndicho kinachokatika. Na hata pale kibanio kilipokaa bila kuvunja, ncha iliendelea kujipinda juu, na kibanio kikabaki kinaning'inia katikati ya ndoana. Mbolea nayo, kwenye giza, haileti majani mengi: huleta pingili laini na ndefu zaidi, na chumvi isiyotumika hubaki kwenye udongo. Ukoko mweupe ulikuwa umezunguka mdomo wa chungu kwa ndani.

Kazi yenyewe

Mpangilio una maana kuliko ufundi wa mikono. Ukilishusha shina lingali gizani, baada ya wiki mbili ncha zitakuwa zimerudi zilikokuwa. Mwanga hushughulikiwa kwanza, mashina baadaye.

Siku ya kwanza chungu kilishushwa na kusogezwa hadi mita 1.5 kutoka dirishani. Hakikupelekwa moja kwa moja karibu na kioo, kwa sababu majani yaliyokulia gizani hubabuka yakikutana na mwanga mkali ghafla, na bapa lililobabuka halirudi kuwa kijani. Siku hiyohiyo udongo ulisafishwa chumvi: lita 6 za maji zilimwagwa polepole, kidogo kidogo, zikaachwa zitoke chini zote. Mbolea ilisimamishwa kwa wiki sita.

Siku ya tisa chungu kilifika mahali pake pa kudumu, sentimita 80 kutoka kwenye kioo, mdomo wake ukiwa sentimita 25 chini ya ukingo wa juu wa dirisha. Hapo mwanga unaanguka juu ya udongo wenyewe, na jua la mchana haligusi majani. Watu wengi huweka taa chini ya chungu wakidhani mashina yataifuata. Yataifuata kweli, lakini sehemu ya juu itakuwa gizani, macho, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye vifundo vya zamani, hayataamka, na kipara kitaongezeka. Kama dirisha halipo, taa ya LED ya kukuzia mimea iwekwe juu ya mmea, sentimita 30 hadi 40, kwa saa 10 hadi 12 kila siku.

Kisha mmea ukaachwa bila maji hadi sentimita 4 za juu za udongo zilipokauka na majani yakaanza kulegea kidogo. Hili husahauliwa sana. Shina lililoshiba maji limekaza na hukatika, lakini lenye kiu kidogo hupinda bila kelele. Alasiri inafaa kuliko asubuhi kwa sababu hiyohiyo.

Mashina yaliyopanda kamba yalibanduliwa kuanzia chini kwenda juu. Ukianza nchani, sehemu iliyoachiwa huanguka na kuvuta pale iliposhikilia, na hapo ndipo huvunjika. Mizizi ya angani ilikatwa kwa kiwembe usawa wa kamba, haikuvutwa. Mmea haupungukiwi kitu, kwa kuwa unakula kwa mizizi ya udongoni. Ukutani kiwembe kililazwa, na hata hivyo rangi ilibanduka mahali pawili. Utomvu wa pothosi una fuwele za oksalati ya kalsiamu zinazowasha, hivyo glavu ni lazima kwa mwenye ngozi nyepesi, na asijifute macho.

Kupinda kulifanyika kwa awamu tatu, kila baada ya siku nne au tano, kwa kiasi cha theluthi ya njia kila mara. Mkunjo haukuwekwa kwenye kifundo wala mahali pamoja. Uligawanywa juu ya pingili tatu nne, uwe mpana kama mdomo wa kikombe kikubwa. Vidole vya mkono mmoja vinashikilia upande wa udongo, vya mkono wa pili vinasukuma taratibu. Ukisikia mlio mdogo kama wa figili ikikatwa, simama hapohapo.

Ndani kidogo ya mdomo wa chungu kila shina lilishikizwa kwa waya wa milimita 2 wenye ganda la plastiki, uliokunjwa kama U, urefu wa sentimita 6 kila mguu. Ulichomekwa nyuma tu ya kifundo, ili kifundo chenyewe kilale juu ya udongo wenye unyevu. Hapo kazi mbili hufanyika kwa waya mmoja: shina linaelekezwa nje na chini, na kifundo kinatoa mizizi ndani ya wiki mbili hadi nne, mara nyingi pamoja na chipukizi. Mdomo wa chungu cha plastiki ni mkali kuliko unavyoonekana, na shina likilemea hapo kwa miezi hukatwa polepole. Kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu kilivishwa kwenye mdomo upande wote wa mashina.

Kuhusu vizito, msimamo ni kwamba havihitajiki mara nyingi. Palipo na shina lililokomaa lakini linalosimama wima kama fimbo, kizito cha gramu 5 hadi 10 kinaweza kufungwa kwa utepe laini wa kitambaa, nyuma ya jani kamili la tatu kutoka nchani, kwa siku 10 hadi 14 na si zaidi. Kwenye kisa hiki kilitumika kwa shina moja tu kati ya saba.

Kilichokatwa, na kipara kilivyozibwa

Hakuna mwanga utakaozirudisha pingili za sentimita 11 kuwa 4, wala kifundo kilichodondosha jani hakitoi jani lingine. Kinachoweza kutoka hapo ni tawi jipya kutoka kwenye jicho. Mashina mawili yaliyorefuka vibaya, pamoja na lile lililovunjika, yalikatwa sentimita 1 juu ya kifundo, yakibakizwa vifundo vitatu juu ya udongo. Ncha ikiondoka, amri yake ya kuyazuia macho ya chini huondoka nayo, na kwa mwanga wa kutosha jicho hufunguka baada ya wiki mbili hadi nne.

Vipande vilivyokatwa vilitoa vipandikizi nane, kila kimoja kikiwa na jani moja, kifundo kimoja na sentimita 3 za shina chini yake. Vilikaa kwenye maji, yakibadilishwa kila siku ya sita, hadi mizizi ilipofika sentimita 4. Kusubiri mizizi mirefu zaidi si faida, maana mizizi iliyozoea maji huchelewa kuuzoea udongo. Vyote vilirudishwa katikati ya chungu kilekile. Kipara cha pothosi huzibwa kwa njia hii. Kungoja mmea ujizibe wenyewe ni kupoteza msimu mzima. Angalizo moja: jani lenye kikonyo bila kifundo linaweza kutoa mizizi na kukaa kijani kwa muda mrefu, lakini halitatoa shina kamwe.

Mambo yaliyokwenda mrama

Siku mbili baada ya awamu ya kwanza ya kupinda, majani yote yalikuwa yamegeuka: migongo yake ya rangi hafifu ikitazama dirisha, mengine yamesimama ubavu. Mwenye mmea alitaka kurudisha mashina yalivyokuwa. Hakukuwa na haja. Pale kikonyo kinapoungana na bapa la jani pana uvimbe mdogo, unaonekana ukilitazama jani kwa karibu, kama goti. Bapa hugeukia mwanga kwa goti hilo, hata shina lisiposogea. Siku ya nane majani machanga yalikuwa yamekaa sawa. Manne ya zamani hayakugeuka tena vizuri, na yatabaki hivyo hadi yaanguke.

Shina moja lilipinda kwa kona badala ya mduara, likawa na kovu lenye unyevu upande wa nje. Mrija wa kunywea ulikatwa kipande cha sentimita 4, ukapasuliwa kwa urefu, ukavishwa juu ya jeraha na kufungwa kwa utepe wa karatasi. Kanuni ni rahisi: kama zaidi ya nusu ya unene bado iko nzima na majani ya mbele hayajanyauka baada ya siku mbili, shina litapona. Yakinyauka, kata na ufanye kipandikizi. Hili lilipona, ila lilibaki na kifundo cha uongo pale lilipoumia.

Kosa la tatu lilikuwa la kuzungusha chungu. Kilizungushwa mara moja tu baada ya wiki tatu, nusu mduara, na ncha zilizokuwa zimeelekea dirishani zikalazimika kurudi kupitia juu ya chungu. Shina moja lilitoka na umbo la herufi S ambalo halitanyooka. Robo mduara kila siku ya tano ni bora, kabla ncha hazijapata muda wa kukomaa zikiwa zimepinda upande mmoja.

Baada ya wiki kumi

Pingili mpya zilikuwa na sentimita 4 hadi 5 na michirizi ya manjano imerudi kwenye majani mapya. Kati ya mashina manne marefu yaliyobaki, matatu yalishuka wima kwa kati ya sentimita 40 na 70, kila moja na ncha yake iliyoinuka. Kwenye visiki vitatu macho matano yalifunguka. Vipandikizi saba kati ya vinane vilishika. Mbolea ilirudishwa kwa nusu ya kipimo, kila wiki ya tano, na maji hutolewa pale chungu kinapokuwa chepesi mkononi.

Kuna gharama ambayo mwenye pazia la pothosi lazima aikubali. Shina linaloning'inia hutoa majani madogo kadiri linavyorefuka, wakati lililoshikilia nguzo hutoa makubwa zaidi na zaidi. Ndiyo maana urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 uliwekwa kuwa kikomo. Likivuka hapo hukatwa, na kipande hurudi juu kuongeza unene. Kikomo hicho kinasaidia pia kwa paka, mbwa na watoto wadogo, kwani fuwele zilezile zinazowasha ngozi huchoma mdomo na koo la anayelitafuna jani, na ncha inayochezacheza karibu na sakafu ni mwaliko kwa paka.

Hatua hizi zinafaa vilevile kwa Philodendron hederaceum, yenye majani ya umbo la moyo. Kwa Tradescantia usijaribu kupinda kabisa: hukatika kwenye kifundo kwa kuguswa tu, na ni rahisi zaidi kuchomeka vipande vipya pembeni mwa chungu. Hoya ni habari nyingine. Mashina yake marefu yasiyo na majani hujizungusha kutafuta cha kushika, na anayeyakata kwa kudhani yamedhoofika hukata tawi ambalo lingetoa majani baadaye. Vikonyo vyake vya maua navyo visiguswe, maana huchanua tena pale pale.

Kwenye chungu hiki limebaki shina moja, lile lililokuwa ukutani, ambalo hata baada ya mizizi yake kukatwa mara mbili limerudi kwenye kamba. Limekomaa mno kupindwa, na pingili zake za chini ni nene kuliko penseli. Litakatwa kwenye kifundo cha tatu mara vipandikizi vitakapotoa jani la pili.